Hudi ya mtandaoni: omba mizani kabla ya kuomba punguzo

Matangazo ya hudi yanafanana. "Nzito", "pamba tupu", "orijino", "haichuji". Hakuna hata neno moja hapo linaloweza kupimwa, ndiyo maana ni rahisi kuyaandika. Kuna vitu vitatu ambavyo muuzaji hawezi kuvipamba kirahisi: hudi inasoma gramu ngapi kwenye mizani, kitambaa kikoje upande wa ndani, na ribu ya mkononi, ule ukanda unaovutika mwishoni mwa mkono, inarudi vipi ikivutwa. Mwenye mzigo mkononi anaweza kukuonyesha vyote vitatu kwa video ya nusu dakika. Asiye na mzigo, yule anayeuza picha kwanza kisha ndiyo aende Kariakoo au Eastleigh kuitafuta, atakujibu "usijali boss, kitu ni kikali". Jibu hilo nalo ni taarifa.

GSM, na namna ya kuihakiki

GSM ni uzito, kwa gramu, wa kipande cha kitambaa chenye ukubwa wa mita moja ya mraba. Haikuambii kama uzi ni mzuri. Inakuambia umenunua uzi kiasi gani. Kwa hudi, 220 hadi 260 ni nyepesi, 280 hadi 320 ni ya kati, 350 hadi 400 ni nzito, na kuanzia 450 kwenda juu ni zile ambazo kofia yake inasimama yenyewe mgongoni. Maduka ya Marekani huandika aunsi kwa yadi ya mraba. Zidisha kwa 33.9 na utakuwa umeipata GSM. Gildan 18500, hudi tupu ambayo wachapaji wengi wa nembo huitumia, ni aunsi 8, yaani kama GSM 271. Reverse Weave, hudi nzito ya Champion, ni aunsi 12, kama 407. Ukishazishika hizo mbili, kwa kununua au kwa kupapasa tu mtumbani, mkono wako umepata alama mbili za kulinganishia nyingine zote.

Namba kubwa si lazima ikufae. Hudi ya 400 Tanga ni adhabu. Kwa Dar, Mombasa au Unguja, 220 hadi 260 inatosha kwa jioni ya mvua na kwa basi la mkoani lenye kiyoyozi kikali. Nairobi ya Juni hadi Agosti, Arusha au Iringa, tafuta 300 hadi 350. Njombe, Mbeya na Limuru ndiko 380 na zaidi inakostahili pesa yake. Lakini kitambaa cha kufumwa kina matundu, na upepo wa pikipiki unapita hata kwenye 450. Dereva wa bodaboda wa alfajiri atapata joto zaidi kwa hudi ya 300 na koti la upepo juu yake kuliko kwa hudi nene peke yake.

Sasa uhakiki. Hudi ya kawaida ya saizi L, yenye kofia ya safu mbili na ribu kiunoni na mikononi, imekula karibu mita 1.9 za mraba za kitambaa. Saizi M ni kama 1.75, XL ni kama 2.1. Pima hudi kwa gramu, gawanya kwa namba hiyo, umepata GSM kwa makadirio ya kuaminika.

Mfano: tangazo linasema GSM 400, saizi L. Muuzaji anaiweka kwenye mizani, inasoma gramu 520. Gawanya 520 kwa 1.9: unapata 274. Ili iwe 400 kweli, mizani ingepaswa kusoma karibu gramu 760. Tofauti ya namna hiyo haitokani na mizani mbovu. Tofauti ya asilimia kumi, sawa, iache ipite, kwa sababu hata kiwandani kitambaa hakitoki na uzito uleule kila robota, na mkato nao hutofautiana.

Fanya marekebisho machache kabla ya kumhukumu mtu. Kama kofia ni ya safu moja, gawanya kwa 1.7 badala ya 1.9. Kama hudi ni ile pana ya mabega kuanguka, ongeza sehemu ya kumi kwenye kigawanyo. Kama ina zipu ndefu ya chuma, ondoa gramu 30 hadi 50 kwanza. Na kama ndani imewekwa bitana ya manyoya mazito kama ya kondoo, hesabu hii haina kazi tena, kwa sababu unapima vitambaa viwili.

Kwenye majukwaa ya kuagiza kutoka China utakuta uzito umeandikwa kwenye maelezo ya bidhaa au ya usafirishaji. Uutumie kama dokezo tu. Mara nyingi ni namba moja iliyowekwa kwa saizi zote, au imezungushwa hadi gramu 500. Ukiona S na XXL zina uzito uleule, hakuna aliyepima.

Namna ya kuuliza

Wauzaji wa Instagram na WhatsApp wanasumbuliwa kutwa na watu wanaouliza bei kisha wanapotea. Ombi lako lionyeshe kwamba utanunua, na liwe fupi kiasi cha kutekelezwa bila kero:

"Habari dada. Nimeipenda hiyo hudi nyeusi, L. Naomba video fupi kabla sijalipia: mizani isome sifuri kwanza, halafu weka hudi bila mfuko wake. Kisha igeuze ndani nje uisogeze karibu na kamera, na uivute ribu ya mkono halafu uiachie. Ikiwa sawa nalipia leo."

Ile sifuri ina maana yake. Mizani ya jikoni ikianza na gramu 150 za kitu kilicho nje ya picha, hudi nyepesi inageuka nzito. Kama hana mizani, omba vingine viwili. Upande wa ndani peke yake unasema mengi. Na kama anaagiza kwa oda na hana hata sampuli, basi unanunua bahati nasibu, na bei iendane na hilo: lipa unapopokea, au tafuta mwingine.

Geuza ndani nje

Nje ya hudi zote ni sawa kwa jicho la picha: uso laini wenye vimistari vidogo vya ufumaji. Ukweli uko ndani, na kuna sura tatu utakazokutana nazo.

Ya kwanza ni vitanzi vidogo vilivyopangana kama mawimbi au magamba ya samaki. Wauzaji huita frenchi teri. Inapitisha hewa, haitoi manyoya, hukauka upesi kuliko flisi (sura ya pili, hapa chini) ya uzito uleule, na ndiyo inayofaa pwani. Angalia kama vitanzi vimebanana na vina urefu mmoja. Vikiwa vimeachana kiasi cha kuona mgongo wa uso wa nje katikati yake, kitambaa kimefumwa kwa ulegevu na viwiko vitatoka mifuko ndani ya mwezi.

Ya pili ni manyoya mafupi, flisi. Ilianza na vitanzi vilevile, kisha kitambaa kikapitishwa kwenye mashine yenye mapipa ya brashi za waya, vitanzi vikakwanguliwa hadi vikafunguka. Hewa inayokaa katikati ya manyoya hayo ndiyo joto lenyewe. Hapa ndipo udanganyifu mwingi unapokaa, kwa sababu kukwangua huficha kila kitu: kitambaa chepesi kilichokwanguliwa sana huonekana kinene kuliko kitambaa kizito kilichokwanguliwa kidogo. Unene wa picha ni manyoya, na manyoya ni hewa. Tena, kila ukikwangua unakata nyuzi, kwa hiyo flisi iliyokwanguliwa kupita kiasi humwaga vumbi la manyoya kwenye fulana unayovaa ndani, na baada ya kufuliwa mara nne tano manyoya yaliyobaki hujikunja na kuwa vifundo vigumu. Flisi nzuri ina manyoya mafupi, sawasawa, na ukiyatenganisha kwa kidole huoni kitako cha kitambaa kirahisi.

Ya tatu ni manyoya pande zote mbili, au kitambaa laini kinachoteleza kama sponji nyembamba, kisicho na vitanzi wala manyoya. Hicho kwa kawaida ni poliesta karibu yote. Si dhambi, hukauka haraka na hakirudi, yaani hakipungui ukubwa, maji yakikigusa, ila kisiuzwe kwa jina la pamba.

Mwombe muuzaji mwanga pia. Hudi ikishikwa dirishani, safu moja ya tumbo, kitambaa kilichofumwa vizuri huonyesha giza lililo sawa. Chenye mabaka ya mwanga na giza kimefumwa kwa uzi usio na unene mmoja, na mabaka hayo ndiyo yatakayotoboka kwanza.

Pamba ngapi, poliesta ngapi

Lebo ya mshono wa ubavuni ndiyo inayohesabika, si kichwa cha tangazo. Omba picha yake. Maneno "cotton blend" bila asilimia yanaweza kuwa pamba 80 au pamba 20, na muuzaji mwenye 80 hakosi kuitaja.

Watu wengi huamini kwamba pamba 100 ndiyo kilele. Sivyo ilivyo kwa hudi. Pamba tupu inashika jasho vizuri na inapendeza ngozini, lakini nzito yake huchukua muda mrefu kukauka, na isiporudishwa (isipofanywa ipungue ukubwa mapema) kiwandani kabla ya kushonwa inaweza kurudi asilimia 5 hadi 8 ikifuliwa. Kwenye hudi ya urefu wa sentimita 70, asilimia 6 ni sentimita 4 na ushee. Hapo ndipo kiuno kinapopanda juu ya mkanda. Pamba 80 na poliesta 20 ni mchanganyiko wa watu wanaojua kazi yao. Hudi nzito za namna hii hufumwa kwa nyuzi tatu: uzi wa uso, uzi mnene wa ndani, na uzi mwembamba unaoshikanisha hizo mbili. Poliesta huwekwa ndani na kwenye ule wa kushikanisha, pamba inakaa usoni. Ndiyo maana utasoma "uso wa pamba 100" kwenye hudi ya 80 kwa 20. Si uongo, mradi imeandikwa neno uso.

Nusu kwa nusu ni ya bei nafuu, hairudi sana, lakini inaota vipele. Sababu yake inafaa kueleweka, maana wengi humlaumu dobi. Nyuzi fupi zikisuguliwa hutoka usoni na kujiviringisha kuwa vijipira. Kwenye pamba, kile kijipira hukatika na kudondoka chenyewe kwa kuwa nyuzi za pamba si ngumu. Poliesta ni imara. Inakishikilia kijipira palepale kikingojea kingine. Kwa hiyo mchanganyiko wa bei rahisi uliosokotwa kwa nyuzi fupi ndio unaochakaa vibaya zaidi kwapani, ubavuni na mahali mkanda wa begi unapopita. Chini ya pamba 40, tarajia vipele ndani ya wiki chache za kuvaa mfululizo.

Mambo mawili ambayo tangazo halitayataja. Hudi yenye picha iliyoenea mwili mzima, simba au galaksi kutoka kofia hadi pindo, kwa kawaida ni poliesta, angalau usoni, kwa sababu wino unaotumika mara nyingi kwa kazi hiyo hushikwa na poliesta na si pamba. Ukiona picha ya hivyo na maneno "pamba 100", una sababu ya kushuku. Pili, rangi ya kijivu yenye vinukta-vinukta mara nyingi ina mchanganyiko tofauti na rangi nyingine za hudi ileile, kwa kuwa vile vinukta hupatikana kwa kuchanganya nyuzi za aina mbili. Lebo ya nyeusi haisemi habari za kijivu.

Kusoma picha

Kabla ya kuangalia kitambaa, hakikisha picha ni ya nguo. Linganisha rangi tatu za hudi hiyohiyo. Kama mikunjo ya tumbo na kivuli cha kamba vimeangukia mahali palepale kwenye nyeusi, nyekundu na krimu, ni picha moja iliyopakwa rangi kwa kompyuta. Angalia pia nembo: ikipita juu ya mkunjo bila kupinda, imebandikwa kwenye skrini, haijawahi kugusa kitambaa. Kisha itafute picha hiyo kwa Google Lens. Ukiikuta kwenye maduka kumi ya nchi tofauti, umejua tu kwamba muuzaji hakuipiga yeye. Bado hujajua anachouza.

Picha ya kweli inasomeka hivi. Kitambaa kizito hukunjika mikunjo michache, minene, ya mviringo, hasa kwenye kiwiko na juu ya ribu ya kiuno. Chepesi hukunjika mikunjo mingi midogo yenye kona kali kama shati. Kofia ya safu mbili yenye uzito husimama na kuziba shingo. Nyepesi hulala mgongoni kama mfuko mtupu, na shingo ya mbele inaachama. Mmeto chini ya mwanga wa simu mara nyingi ni poliesta. Nyeusi huficha karibu yote haya, kwa hiyo hata kama unataka nyeusi, omba uone krimu au kijivu kwanza.

Iliyotandazwa chini ni bora kuliko iliyovaliwa. Fuata mshono wa ubavu kwa macho kutoka kwapa hadi kiunoni. Ukikuta unaelekea mbele ya tumbo badala ya kubaki pembeni, kitambaa kimekatwa kwa mshazari ili kubana matumizi, au uzi una msokoto uliozidi. Ukishaifua, itajipinda zaidi, na hakuna pasi inayorekebisha hilo.

Maoni ya wanunuzi yasome kuanzia nyota ya chini. "Asante imefika haraka" ni sifa ya msafirishaji. Tafuta maoni yenye picha na yenye maneno ya baada ya kufua: imerudi, imepauka, imelegea mikononi, inatoa manyoya. Anayeandika "nzito sana" akiwa Lamu na anayeandika hivyohivyo akiwa Mbeya hawazungumzii kitu kimoja.

Ribu, mishono, zipu

Ribu ndiyo inayozeesha hudi kabla ya wakati. Kitambaa cha mwili kinaweza kuwa bado imara huku mikono imelegea na inaingia kwenye sahani. Ribu nzuri ina spandeksi, uzi unaovutika na kurudi, kwa kawaida asilimia 3 hadi 5, na uzito usio chini ya ule wa mwili. Kwenye video ya kuvuta, ribu ya mkono yenye upana wa sentimita 8 ikivutwa hadi 14 inapaswa kurudi 8 au 8 na nusu papo hapo. Ikibaki 9 na nusu, huenda ni pamba tupu bila spandeksi, na italegea kila ukipandisha mikono. Pindo linalojikunja mawimbi kama jani la sukumawiki ni dalili ya ribu iliyoshonwa huku imevutwa vibaya.

Kwenye mishono, ovaloki ya ndani iwe na nyuzi nne kuliko tatu kwenye mabega na kwapa, na kuwe na mishono 10 hadi 12 kwa kila inchi. Hesabu kwenye picha ya karibu iliyo na rula, au linganisha na upana wa kidole gumba. Mabega yenye mistari miwili ya mshono juu, upande wa nje, yanashika zaidi. Kwenye pembe za mfuko wa mbele lazima kuwe na ule mshono mfupi uliokazwa wa kwenda na kurudi. Bila huo, mfuko huchanika pembeni kwa sababu watu huning'iniza mikono humo. Ndani ya shingo, utepe unaofunika mshono huzuia shingo kuvutika. Ukosefu wake ni alama ya kiwanda kilichobana senti kila mahali.

Matundu ya kamba yenye pete za chuma zilizopakwa rangi hutoka kutu na kutia doa kwenye hudi nyeupe. Zipu ikiwa na jina la YKK, kampuni kubwa ya zipu, kwenye kishikio ni dalili nzuri, ingawa jina hilo nalo hughushiwa. Ivute na kuirudisha mara kumi, ikikwama mara moja itakwama daima.

Nembo iliyochapwa

Hapa kwa ufupi. Nembo ya filamu inayobandikwa kwa joto ina ngozi ya plastiki juu ya kitambaa. Ikiwa kubwa kifuani, hudi haipumui hapo na baada ya muda inapasuka kwenye mikunjo. Wino uliosukumwa kupitia wavu huingia kwenye uzi na hudumu, mradi ulikaushwa kwa joto la kutosha. Nembo iliyodariziwa hudumu kuliko zote, ila kwenye kitambaa cha chini ya 280 huvuta na kufanya mikunjo kuizunguka. Unalipia kitambaa kwanza. Nembo nzuri juu ya hudi ya gramu 480 bado ni hudi ya gramu 480.

Thamani kwa gramu

Gawanya bei kwa uzito. Tuseme hudi moja ni shilingi 28,000 za Tanzania na ina gramu 480. Nyingine 45,000 na ina gramu 790. Ya kwanza inatoka kama 5,830 kwa kila gramu 100, ya pili kama 5,700. Ile ya "bei poa" haina unafuu wowote. Ongeza usafiri wa 5,000 kwa kila moja na pengo linakua: 6,875 dhidi ya 6,330. Hesabu hii inafaa tu ukilinganisha vitambaa vya jamii moja. Pamba 80 iliyo ghali kidogo kwa gramu kuliko poliesta 65 bado inaweza kuwa nafuu, kwa sababu itavaliwa misimu mingi zaidi.

Kuna sababu ya hudi za kuagizwa kuwa nyepesi kuliko zinavyoonekana. Mizigo ya ndege hulipiwa kwa kilo. Hudi ya gramu 800 inamgharimu mwagizaji karibu maradufu ya nauli ya ile ya gramu 450, na mnunuzi haoni tofauti kwenye picha. Basi soko linasukuma GSM chini na manyoya juu.

Jina kubwa kifuani ni hadithi nyingine. Nguo nyingi zinazouzwa Marekani hubeba kwenye lebo namba inayoanza na RN, na namba hiyo inatafutika bure kwenye tovuti ya tume ya biashara ya huko, FTC, ukaona kampuni iliyoisajili. Ikikuletea kampuni isiyohusiana na nembo, una sababu ya kuuliza. Ikilingana, haithibitishi kitu, kwa kuwa anayeghushi nembo anaweza kunakili na namba.

Na usiudharau mtumba. Hudi ya mtumba daraja la kwanza, ile ya kamera kama wasemavyo kwenye soko la mitumba la Gikomba, Nairobi, imeshafuliwa. Kurudi kwake kumeshatokea, vipele vyake vimeshaota au havitaota, na mshono wa kupinda umeshapinda. Unachokiona ndicho. Hudi mpya ya mtandaoni ya bei ileile inakuja na maswali yote hayo bado hayajajibiwa.

Ikifika mlangoni

Fanya majaribio yasiyohitaji kufua kabla ya kutoa lebo za karatasi na, ikiwa ni lipa ukipokea, kabla dereva hajaondoka. Pima uzito. Vuta ribu. Geuza ndani. Chukua kitambaa cheupe chenye unyevu, sugua mara kumi mahali pasipoonekana, ndani ya mfuko kwa mfano. Doa hafifu kwenye hudi nyeusi ni la kawaida, doa la wazi maana yake itachuja kwenye kila nguo utakayoifua nayo. Nusa pia. Harufu kali ya dawa hutoka kwa kufua, lakini ulaini unaoteleza kama mafuta mara nyingi ni silikoni iliyopakwa mwishoni ili nguo ivutie mkononi, nao unatoka pamoja na maji. Ndiyo maana hudi fulani ni laini siku ya kwanza na ya kukwaruza wiki ya tatu.

Ikiwa bado unashuku lebo, vuta uzi mmoja kutoka mshono wa ndani wa pindo, hakikisha ni uzi wa kitambaa na si uzi wa cherehani, ambao karibu kila mara ni poliesta. Ushike kwa koleo ndogo juu ya sinki, mbali na nguo na watoto, uuwashe. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi, na kuacha jivu laini la kijivu linalosagika kwa kidole. Poliesta hujikunja ikikimbia moto, huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na kuacha shanga ngumu nyeusi. Mchanganyiko huacha jivu lenye vijipunje vigumu ndani yake. Asilimia huzipati kwa njia hii, ila "pamba tupu" iliyoacha shanga imeshajieleza.

Kisha chukua futi ya fundi. Hudi ikiwa imetandazwa, pima kwapa hadi kwapa, bega hadi pindo, na urefu wa mkono, uandike kwenye ujumbe uleule wa WhatsApp wa muuzaji ili usipotee. Kifua cha kutandazwa, mara mbili, kikizidi kifua chako kwa sentimita 15 hadi 20, ni kipimo cha kawaida. 25 hadi 35 ni ile pana. Hivi ndivyo vipimo vya kulinganisha na jedwali la duka, si herufi L, maana L ya Guangzhou na L ya Chicago si ndugu.

Fua mara ya kwanza peke yake, ndani nje, maji baridi. Usiitundike kwa mabega ikiwa imelowa: hudi ya gramu 800 ikinywa maji inazidi kilo mbili kirahisi, na uzito huo huvuta shingo na mikono. Ikunje katikati juu ya kamba, kivulini, ribu zote zikining'inia upande mmoja. Ikikauka kabisa, pima tena zile sehemu tatu. Kama urefu umetoka 70 hadi 68, kitambaa kilirudishwa kiwandani na unaweza kuagiza saizi ileile kwa macho yaliyofumba. Kama umetoka 70 hadi 66, hiyo ni karibu asilimia 6. Mara nyingine kwa muuzaji huyo panda saizi moja, na mwambie sababu, kwa sababu mteja wake anayefuata atauliza.